Siku Bibi Alipomwita Baba kwa Jina

Mwezi uliopita nilikuwa gereji, nasubiri gari langu litengenezwe breki, fundi akafungua kopo la mafuta ya breki karibu yangu. Ile harufu, tamu kidogo na yenye kukwaruza koo, ilinifikia kabla sijajiandaa. Nikashika ukuta na kufumba macho. Fundi akaniuliza kama naumwa. Nikamwambia hapana, nimekumbuka nyumbani tu.

Nyumbani ni Mpanda, miaka ya sabini, nami nikiwa darasa la tatu. Baba alikuwa dereva wa misheni, na kwa kuwa mafundi walikuwa wa kutafuta kwa tochi, gari aliloendesha alilitengeneza mwenyewe. Mikono yake ndiyo iliyotulisha. Lilikuwa gari dogo jeupe, ingawa vumbi la barabara ya Sitalike lilikuwa na maoni tofauti. Wakati huo likawa linavuta kushoto kila akishika breki, naye akasema kalipa ya gurudumu la mbele imekwama. Kalipa, kwa nyie ambao hamkulelewa na baba kama wangu, ni lile pande la chuma linalokumbatia sahani ya breki. Ndani yake mlikuwa na pistoni mbili zinazotazamana, na ukikanyaga breki zinasogeleana kuibana sahani. Yetu ilikuwa na kutu. Mipira mipya ya kuzibia pistoni iliagizwa Tabora, ikaja kwa treni imefungwa kwenye gazeti, na Jumamosi moja asubuhi kazi ikaanza uani.

Wiki hiyo Bibi, mama yake mama, alikuwa kwetu. Alikuja kutoka Mamba na debe la mchele, kumsubiri mama ajifungue. Sasa hapa vijana mtacheka, lakini chekeni taratibu. Kwa Bibi, mkwe alikuwa mtu wa kuonewa haya. Yeye na baba hawakula pamoja, hawakutazamana, hawakuambiana neno, na kutajana majina ndiyo kabisa! Baba akipita, Bibi aligeuka na kujitanda khanga. Wakiwa na la kuambiana, barua yao ilikuwa mimi.

"Mwambie baba yako chumvi imekwisha," Bibi angesema, baba akiwa hatua tatu tu, anasikia kila kitu. Nami nilimwambia, naye alishtuka kwa heshima kana kwamba ndiyo kwanza anapata habari. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Baba alikuwa mwoga wa magari na alijivunia woga wake. "Jeki inanyanyua, gogo ndilo linaloshika," alisema, akapanga magogo mawili ya mninga chini ya gari kabla ya kugusa nati hata moja. Nilipomletea mafuta ya taa ya kuoshea, alinirudisha mbio. "Mpira ukinusa hayo unafura kama andazi. Breki inaoshwa kwa mafuta ya breki." Akaifungua kalipa, akaitoa kwenye sahani bila kukata bomba lake, akaweka kipande cha ubao katikati ya zile pistoni. Kisha akanipandisha kwenye kiti cha dereva. Kazi yangu ilikuwa kukanyaga, ili mafuta yazisukume pistoni zitoke, na ubao uzipokee zisiruke.

"Kanyaga, mama." Nikakanyaga. "Achia." Nikaachia.

Pistoni ya kwanza ilitii. Baba akaibana isisogee tena, ili nguvu yote iende kwa mwenzake. Ya pili ikagoma. Akaniambia nisimame kwa miguu yote miwili, nikasimama, wapi. "Achia," akasema, akainama. Kutoka kitini nilimwona kisogo tu. Sikujua kwamba ametoa ubao na kuingiza vidole, apapase kama ile mkaidi imesogea hata kidogo. Mtu mwangalifu kuliko wote niliowahi kuwajua, na alifanya hivyo.

Mdogo wangu Deo, wa miaka mitatu, alikuwa amelipenda lile neno tangu asubuhi. Akatokea nyuma ya gari na kupaza sauti kwa furaha yake yote.

"Kanyaga!"

Nikaruka na miguu yote miwili.

"Anselmi! Mkono!"

Pedali ikazama ghafla chini yangu, kifua kikagonga usukani, na huko nje chuma kikalia juu ya chuma. Mafuta yalimrukia baba shingoni. Nikachungulia, nikitegemea damu. Baba alikuwa amekaa chini, mkono mbele ya uso, anaugeuza huku na huku. Vidole vyote vitano vilikuwepo. Lakini hakuonekana kuvijali.

"Mama mkwe ameniita," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeitwa na jiwe.

Bibi alikuwa amesimama mlangoni pa jiko, kichwa wazi, ungo umemponyoka na mchele umetapakaa miguuni. Mama alitoka ndani akishika tumbo, mdomo wazi. Hakuna aliyesogea. Kisha Bibi akajifunika uso na kukimbia nyuma ya jiko, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akikimbia. Nilibaki ndani ya gari, nasubiri kupigwa. Hakuna aliyenipiga, na hilo lilinitisha zaidi.

Jioni baba aliniita. "Mwambie bibi yako asiondoke." Nilikwenda nikamwambia.

"Mwambie baba yako sina uso wa kukaa hapa," Bibi akajibu.

Alfajiri alipanda lori la Majimoto, njia ya kwao, mama hajajifungua bado. Baba alimaliza kalipa kwa mipira mipya, mama akamkanyagia wakati wa kutoa upepo kwenye bomba la breki, na gari likasimama bila kuvuta upande wowote. Hakuna aliyeshangilia.

Kwa miaka mingi niliamini Bibi alikimbia kwa sababu ya lile jina. Leo nami nina mkwe, kijana anayekaa sebuleni kwangu na kuniomba chai, na siku moja nikimwangalia akipanda paa kuziba bati, moyo ukinidunda, nilielewa. Vidole vya baba vilikuwa ndani ya chuma. Mimi garini sikuviona, mama hakuviona. Kuviona kulitaka mtu ambaye hajaiondolea macho mikono ile tangu gogo la kwanza. Bibi, aliyekatazwa hata kumtupia jicho, alikuwa amemtazama asubuhi nzima, kama mama anavyomtazama mwanawe akiwa juu ya mti. Na kwa ukelele ule mmoja, baba alijua.