Hela ya Pindoni

Nina hela kumi na saba za Mjerumani, zote zilizopigwa hapa hapa Tabora wakati wa vita vyao, bahari ilipofungwa na sarafu za kwao zikashindwa kufika. Waliyeyusha shaba waliyookoteza, wakazigonga kwenye karakana ya reli, wakaweka herufi T chini. Watu husema hela kutwa nzima na hawajawahi kuishika moja. Mke wangu anasema ningekuwa nimekusanya mbuzi, tungekuwa mbali.

Atakayekuambia zote ni sawa, hajui kitu. Kuna za taji kubwa na za taji dogo. Upande wa pili, kwenye neno HELLER, ncha za herufi L nyingine zimepinda, nyingine zimechongoka, nyingine zimekatwa mraba. Haya yote nilimfundisha mwenzangu mmoja, mwalimu kama mimi. Tulifundisha shule moja miaka kumi na minne, tukastaafu pamoja, na kila Jumamosi tulikaa barazani kwake na kioo cha kukuzia, tukigombana kwa ajili ya ncha ya herufi hadi kahawa ikapoa. Nilimpenda kama ndugu, siwezi kukataa.

Niliyokuwa nimeikosa, taji dogo na ncha zilizopinda, niliikuta Kigwa nilikofuata asali. Ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya bibi mmoja ambaye macho yake yamefunikwa na mtoto wa jicho. Alinisimulia kwamba mama yake aliigonga kwa jembe akilima karanga, akaiokota, akampa yeye siku alipoolewa. Aliifungua, nikaigeuza mkononi mara tatu. Kuuza hakutaka hata kusikia. Nikamwomba aniazime siku moja tu, niilaze karibu na zangu.

Akafikiri, akasema, “Karanga zikishavunwa, uje mwenyewe.”

Mdomo wangu ndio ulioniponza. Jumamosi ile nilimweleza mwenzangu kila kitu, hata nyumba yenyewe, ya pili ukishapita mashine ya kukoboa.

Karanga zilipovunwa nilikwenda. Bibi alinitambua kwa sauti.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Umeirudisha?”

“Nini, bibi?”

“Si hela yangu! Mwenzio alikuja Jumanne. Kasema umemtuma, wewe miguu inakusumbua.”

Nilipaswa kumwambia ukweli palepale. Niliona aibu. Nikasema, “Nitakuletea, bibi,” nikaondoka bila hata kunywa maji aliyonikaribisha.

Nilimkuta mwenzangu barazani, ametulia kabisa. Hakukana. Alisema ameibadilisha na mgeni mmoja aliyekuwa akipita, ambaye yeye hakumuuliza hata anakokaa, na mgeni huyo akampa rupia mbili za fedha za Mjerumani. Akanisogezea moja mezani.

“Hii yako,” akasema. “Wewe usingeiondoa pale. Una huruma mno.”

“Ulitumia jina langu!”

“Mimi hanijui. Jina lako ndilo analoliamini.”

Alilisema hilo kwa upole, kama mtu anayenisifu. Rupia niliiacha pale pale, na tangu siku hiyo sijakanyaga baraza lile. Nikimwona sokoni nampa kisogo. Watu wananiambia nisamehe, ni kipande cha shaba tu. Waniache.

Lakini ahadi ilibaki. Kwa wiki mbili nilizitandaza zangu mezani, nikachagua moja ya taji dogo, ncha za mraba, iliyochakaa vizuri. Nilijiambia hata mimi nahitaji kioo kuziona hizo ncha, sembuse yeye asiyeona kitu. Nilijiambia pia kwamba namfanyia wema.

Bibi aliipokea kwa mikono miwili, akaniombea dua ndefu kwa Kinyamwezi. Kisha kidole gumba chake kikaanza kutembea. Hakikugusa taji wala herufi. Kilizunguka ukingoni, polepole, kikamaliza, kikaanza tena.

Hapo ndipo nilipolikumbuka jembe. Miaka yote hiyo tulitazama nyuso za hela, hatukutazama ukingo hata mara moja. Yake nilikuwa nimeigeuza mara tatu kwa mkono huu huu, na pengo lililoachwa na jembe ukingoni sikuliona.

Aliirudisha kiganjani mwangu, akanifunga vidole kimoja kimoja.

“Mwenzio alisema umemtuma wewe,” akasema. “Na wewe, mjukuu wangu, umetumwa na nani?”

Sikuwa na wa kumsingizia.