Saa ya Mkwe Niliyoiita Maiti

Dada msomaji, wewe nakuamini, wacha nikuambie vile nilijiaibisha. Wakwe walitoka Bungoma kuja kwetu Kitale kuposa Nekesa, msichana wangu. Baba ya kijana akamletea mzee wangu saa yake ya mkono ya zamani, ile iko na visaa vitatu vidogo ndani. Zawadi hukaguliwa mbele ya watu, kwa hivyo mimi, profesa wa ngumbaru, nikaiweka kwa sikio. Kimya.

"Visaa vitatu na vyote vimekufa," nikasema. "Mnaleta maiti, na mnataka msichana mzima?"

Nekesa akaanza kulia. Wageni wakachukua kofia zao.

"Mama, si uivae kwanza," baba ya kijana akasema.

Nikaivaa kwa dharau, nikaanzisha wimbo wa kufunga maombi ya kuaga wageni. Unajua vile napiga makofi. Kabla wimbo uishe, mzee wangu akashika mkono wangu.

"Mama Nekesa, hii kitu inatembea."

"Haina betri," mkwe akasema, akiweka kofia chini. "Ikilala kwa sanduku inanyamaza, mkono ukicheza inaamka. Ati maiti."

Hata Nekesa alinicheka. Tafadhali mwambie kila mama unayemjua avae kwanza, ndio atukane.