Matairi Niliyomwachia Baba Achague

Mimi nina mdomo. Kila mtu Maretadu anajua, kuanzia mwalimu mkuu wangu mpaka wazazi wa watoto ninaowafundisha darasa la tano, na wala sijawahi kuona haya. Nisichokubaliana nacho nakisema, ukasirike usikasirike. Mara moja tu maishani, pale pale nilipotakiwa kusema, niliufunga mdomo kwa sababu ya heshima. Mpaka leo nikikumbuka naumia.

Baba alikuwa fundi wa matrekta kwenye mashamba makubwa ya ngano huku Hanang, enzi zile wataalamu wa kizungu walipokuwepo. Mmoja wao alipomaliza mkataba wake akamwachia baba gari lake. Lilikuwa gari dogo la michezo, milango miwili, viti viwili, pua ndefu, limekaa chini kiasi kwamba ukiwa ndani unatazamana na mbuzi uso kwa uso. Sijui mtu mzima mwenye akili zake alilileta kijijini kwetu Gehandu la nini. Lakini baba alilipenda, jamani! Kiangazi kikikolea alikuwa analishusha mpaka Balangida, pale ziwa linapokauka na kubaki uwanda mweupe wa magadi, analiachia mpaka vumbi lake linaonekana Gendabi. Wafugaji walikuwa wanasimama na ng'ombe wao kumwangalia.

Baadaye mashamba yakabadilika, kazi ikaisha, sisi watoto tukahitaji ada, na gari likapandishwa juu ya magogo bandani. Mwaka mmoja wa ukame mama akaona ni upuuzi magurudumu manne yakae bure wakati maji yako mbali. Mawili yakafungwa kwenye mkokoteni wa punda, mawili yakawa akiba yake. Yalitembea mpaka yakaisha kabisa, rimu na vyote. Baba hakubisha, kwa sababu mama alikuwa na haki.

Mimi ni mtoto wake wa kwanza, na nilikulia kwenye banda hilo. Kabla sijajua kuzidisha nilishajua spana namba kumi na tatu inakaa wapi. Na banda lile lilikuwa na sheria yake, ambayo kwingine ingekufanya uchapwe: kazi ikianza, hakuna mkubwa wala mdogo. Nje ya banda ni shikamoo baba, macho chini, huongei mpaka uulizwe, kama nyumba zote za kwetu. Ndani ya banda, ukiona baba anakosea unamwambia hapo unakosea, na yeye anakujibu, "Mjinga wewe, lete sababu." Ukiileta sababu na ikawa ya kweli, anafungua tena alichokifunga bila kununa. Tulibishana mpaka majirani wakadhani tunapigana. Huu mdomo wangu nadhani niliupata pale.

Miaka michache iliyopita baba alipata presha ya macho. Tulichelewa hospitali, kama kawaida yetu, tukiambiana ni uzee tu. Daktari akasema kilichopotea hakirudi. Basi, yule mtu ambaye alikuwa hatulii akaanza kukaa mlangoni, mikono juu ya magoti. Mama alikuwa ameshafariki. Mdogo wangu na mkewe wanaishi naye hapo nyumbani, na wanamtunza vizuri, siwezi kusema uongo. Wanamkatia nyama, wanampozea chai, na chochote anachosema wanamjibu, "Ndiyo, baba." Nikija mwisho wa wiki namkuta amevaa vizuri, amekula vizuri, na amenyamaza.

Nikaona hapana. Nilitaka kitu kimoja tu, nacho ni baba awe fundi tena. Macho hayapo sawa, lakini masikio yapo na vidole vipo. Nikamwambia, "Baba, naanza kufufua gari." Akacheka. "Wewe? Utaliua kabisa."

Tulianza baada ya mavuno. Kila Ijumaa nikitoka shule napanda pikipiki mpaka barabarani, natafuta usafiri, naingia Gehandu jioni. Jumamosi asubuhi baba yuko bandani kabla yangu, amesimamisha bisibisi ndefu juu ya injini, mpini umegusa sikio. Mimi nazungusha injini kwa mkono, yeye anasikiliza. "Valvu ya tatu imelegea," anasema, nami naikuta imelegea. Kabureta tuliifungua mara nne. Mara ya nne nilimwambia tatizo si kabureta, ni mpira unaovuta hewa, akanitukana tangu asubuhi mpaka saa sita mchana. Saa sita akashika ule mpira kwa vidole, akaukuta umepasuka. Akasema, "Haya, mjinga umeniweza." Sikumbuki siku nyingine ya utu uzima wangu niliyofurahi vile.

Injini ikawaka. Yakabaki magurudumu. Rimu ndogo kama zile za zamani hazipatikani tena, nikapata nne za alumini kutoka kwenye gari lililopata ajali. Matundu ya boliti yaliingia sawasawa, ila zilikuwa kubwa kuliko za zamani kwa inchi moja. Hapo ndipo palipohitaji akili. Rimu ikikua, tairi lazima liwe jembamba ubavuni, la sivyo gurudumu zima linakuwa kubwa na ukikata kona linasugua bodi. Baba alinifundisha pima kwanza, nunua baadaye. Nikachukua futi ya kushonea ya marehemu mama, nikapima nafasi yote, nikaandika namba kwenye kiganja. Baba alikuwa ndani anatafuta kofia yake. Sikumsomea zile namba. Nilidhani tutaongea dukani.

Matairi mapya ya jina kubwa kutoka Arusha, manne, yalikuwa karibu bei ya ng'ombe wa maziwa, na mshahara wa mwalimu mnaujua. Kwa hiyo tukaenda mjini Katesh, kwa mwenye duka la matairi ambaye zamani baba ndiye aliyemfundisha ufundi. Alipomwona baba akatoka nje mwenyewe. "Shikamoo fundi!" "Marahaba, bado unaiba nati?" Watu wakacheka. Kiti kikaletwa, soda ikaletwa, madereva wa pikipiki wakasogea kumwona huyo mzee aliyekuwa anakimbiza gari Balangida.

Yakaletwa matairi ya aina tatu. Kwanza ya mtumba, jina kubwa, kashata, yale meno ya tairi, bado zimejaa, lakini namba za ubavuni zilionyesha yametengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita, na mpira ulikuwa na nyufa nyembamba. Halafu mapya ya bei nafuu, jina ambalo sijawahi kulisikia, ubavu mwembamba, kipimo kile kile kilichokuwa kwenye kiganja changu. Mwisho matairi ya pikapu, manene, kashata kubwa, yamepunguzwa bei kwa sababu yalikaa sana dukani.

Baba akayapitia kwa vidole, moja moja. Alipofika kwenye yale manene, vidole vikazama kwenye kashata, na uso wake ukafunguka. "Haya," akasema. "Haya ndiyo matairi. Tope jeusi la Gehandu likija, hili halikwami."

Kwa pikapu alikuwa sahihi kabisa. Kwa gari letu, na zile rimu mpya, yangezidi nafasi kwa vidole vitatu. Nilijua. Nilikuwa nimeandika kwenye kiganja, jamani, nilikuwa naziona namba! Nikafungua mdomo. Mwenye duka akanitazama juu ya kichwa cha baba. Naye alijua, ndiyo kazi yake. Akatikisa kichwa kidogo sana, akimaanisha usimwaibishe mzee mbele za watu, tutabadilisha baadaye kimyakimya. Nikaangalia wale madereva, nikamwangalia baba amekaa kwenye kiti kama bwana harusi.

Nikasema, "Umechagua vizuri, baba."

Njiani alikuwa anawasimulia abiria wenzetu, watu asiowajua, kwamba macho yameondoka lakini vidole bado vinaona. Nami nilikuwa nacheka nao.

Mpango wangu ulikuwa magurudumu yakae tu wiki hiyo, nirudi nayo Katesh siku ambayo yeye hayupo. Nilisahau baba yangu ni mtu wa namna gani. Tulivyofika tu akasema tufunge. Nikamwambia tungoje wiki ijayo. "Kwa nini?" Sikuwa na sababu ya kumpa. Tukapiga jeki, tukafunga, akakaza boliti za mwisho mwenyewe, akaingia akakaa kando yangu. Nikatoa gari bandani kwa kunyoosha. Mbele ya nyumba kuna kona, lazima uikate. Nikaikata taratibu kabisa. Krrr.

"Simama."

Alitoka, akaifuata bodi kwa mkono mpaka gurudumu la mbele, akachuchumaa, akajaribu kupitisha vidole kati ya tairi na bodi. Havikupita.

"Ulipima kabla hatujaenda?"

"Nilipima, baba."

"Kwa hiyo dukani ulikuwa unajua."

Nikakikunja kile kiganja.

"Na yeye alijua?"

"Alijua."

Nilisubiri aniite mjinga. Nilikuwa nimeshaandaa jibu langu, ningemwambia mjinga ni wewe uliyechagua tairi la pikapu, na tungegombana mpaka giza liingie, yakaisha. Akasimama, akafuta mkono kwenye suruali, na sauti yake ilikuwa ya upole kabisa. "Kumbe na mimi nimefika huko, kwa wazee wa kuitikiwa tu," akasema. Akaufuata ukuta mpaka mlangoni, akaingia ndani.

Loo, nililipiga lile tairi teke mpaka nikaumia kidole. Halafu nikamfuata, nikapiga magoti, nikamwomba msamaha. Akaniwekea mkono kichwani. "Hukukosea, mwanangu. Ulimheshimu baba yako." Afadhali angenichapa.

Wiki iliyofuata nilirudi Katesh peke yangu. Mwenye duka aliyapokea yale manene bila neno, hata macho hakuinua. Nikamwomba aniazime tairi moja la mtumba na moja jipya la bei nafuu, nikayabeba yote mawili mpaka Gehandu, nikayaweka miguuni pa baba. Nikajitia ujinga. "Nachukua haya ya mtumba, baba. Jina kubwa, na bei imeshuka." Nilitaka anivae. Akainama kuyashika, na niliona kidole gumba kinapita juu ya ubavu, kinafika kwenye ufa, kinasimama. Ufa aliukuta. Mtu anayesikia valvu moja iliyolegea kati ya zote angekosaje kuusikia ufa ule?

"Chukua unayoona yanafaa," akasema.

Nikachukua mapya ya bei nafuu, yenye kipimo sahihi. Yameingia vizuri, hayasugui popote, na sina malalamiko nayo mpaka leo. Siku nilipoyafunga nilimwita baba bandani, mke wa mdogo wangu akamshika mkono akamleta, akasimama pale penye mlango akasema, "Hongereni." Akarudi kwenye kiti chake.

Kabla mvua hazijaanza nikampeleka Balangida. Ilikuwa Jumapili baada ya ibada, Mlima Hanang uko wazi mpaka kileleni, uwanda ni mweupe mpaka unaumiza macho, isipokuwa yake. Nilimfungia mkanda. Nikaondoa gari, gia ya kwanza, nikaingiza ya pili, nikakanyaga mafuta, na sikubadilisha tena. Kwa makusudi. Injini ikaanza kulia. Mwalimu yeyote wa kuendesha angenirukia, na baba yangu zamani angenipiga kofi la kisogo na kuniuliza hii injini nimeinunua kwa hela ya nani. Sindano ya dashibodi ikapanda, ikapanda tena, kiti kinatetemeka, harufu ya mafuta imejaa ndani. Nikamwangalia. Kofia ilikuwa mapajani, ameishika kwa mikono miwili, uso ameuelekeza mbele kama mgeni aliyepewa lifti.

"Baba," nikapiga kelele, "unalisikiaje?"

"Unaendesha vizuri, mwanangu," akasema. "Asante sana."

Nikazidisha mafuta, gia bado ile ile ya pili, machozi yananitoka, namwomba Mungu baba anitukane hata neno moja.