Aikaruwa Alikuwa Mmoja Tu

Kila Desemba, watoto wa Uchaggani waliotawanyika nchi nzima wanaporudi nyumbani kula sikukuu, Bibi Aikaruwa wa Masama alikuwa akifunga dirisha la upande wa mashariki. Ukimuuliza, alikwambia ni vumbi. Vumbi gani, na mvua imenyesha juzi tu, migomba bado inadondosha maji? Ukweli ni kwamba upande ule, ng'ambo ya ua wa mimea ya masale, aliishi Winfrida, mke wa shemeji yake. Na Desemba ndiyo majira ambayo mtu akiita "Winfrida!" pale uani, vitoto vinne vinatoka mbio.

Vinne! Kwa mila za pale, binti wa kwanza hupewa jina la bibi mzaa baba, na wa pili jina la bibi mzaa mama. Winfrida alijaliwa wavulana watano. Wanne walikuwa na watoto tayari, na binti wa kwanza wa kila mmoja alikuwa Winfrida. Alikuwapo wa Arusha, wa Dodoma, wa Mwanza, na yule mdogo wa Tabata anayeng'ata wenzake. Aikaruwa alijaliwa mtoto mmoja tu, Elinipendo, aliyeolewa Rau, mjini Moshi. Binti wa kwanza wa Elinipendo alichukua jina la mama mkwe, kama ilivyo haki yake. Wakafuata wavulana wawili. Aikaruwa alikuwa na miaka sabini na moja, na zamu yake ilikuwa haijafika.

Jina lenyewe halikuokotwa njiani. Baba yake, mzee Eliufoo wa Old Moshi, alizika watoto watatu kabla hata hawajatambaa. Huyu wa nne alipotoka akapiga kelele za kuwaamsha majirani, mzee alikaa chini kwenye majani ya ng'ombe na kusema kwa Kichagga, "Aika, Ruwa." Asante, Mungu. Hakuweza kusema neno jingine siku ile. Mwinjilisti alipokuja kuuliza jina akaambiwa ndilo hilo, akaliandika kwa kuliunganisha, basi.

Aliolewa Masama, hakukuta mwingine wa jina lake. Zahanati walimwandika Aika, kwenye orodha ya kahawa wakamwandika Mama Elinipendo, na huko nje wakamwita hivyo hivyo. Mtu wa mwisho kumwita Aikaruwa, jina zima, kwa sauti ya kumtaka aje, alikuwa mama yake mzazi, na mama yake alikufa zamani. Mwaka jana mjukuu wake wa Rau alitafuta majina kwenye simu. La Winfrida likaja na maelezo marefu: maana yake rafiki wa amani, linatumika nchi hizi na hizi. La Aikaruwa, simu ikauliza kama alikusudia kuandika jina lingine.

"Rafiki wa amani," alisema Aikaruwa, akasonya. "Haya."

Tusimfichie. Alikuwa na wivu, tena ule wa kuamka nao. Mtindi wa Winfrida ulimchachia mdomoni hata ukiwa mzuri. Salamu ya Winfrida aliiona ina majivuno ndani yake. Wale Winfrida wadogo walipopenya kwenye masale kuja kumwomba ndizi, aliwapa, maana moyo wake haukuwa wa jiwe, lakini aliwaita wote "wewe" asije akalitamka jina lile.

Tumaini lake lilikuwa tumbo la Elinipendo. Alikuwa mjamzito tena, wa kujifungua mwisho wa mwaka huu, na Aikaruwa alishaamua kuwa ni msichana. Alishamshonea kofia ya njano.

Siku mbili baada ya Krismasi, Praygod, kitinda mimba wa Winfrida anayeishi Dar, alikuja na mkewe Nakunda, Mpare wa Same. Walibeba binti yao wa kwanza, wa wiki tano.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Karibuni, kaeni."

Walikaa, wakawekewa chai. Nakunda akaanza kwa aibu. "Mama mkubwa, mtoto anabatizwa Jumapili. Tumekuja kukuomba jina. Tungependa aitwe Aikaruwa. Ni zuri, halafu halipatikani, hakuna mwenye..."

"Halipatikani!" Aikaruwa alisimama. Yaani wamemaliza kujaza kijiji kwa jina la mama yao, sasa wamelichoka, wanataka na hili moja alilobaki nalo maskini wa Mungu, walipeleke Dar kama urembo? "Jina langu si la mtumba, mama. Lina mwenyewe, yuko njiani. Nendeni mkamwite Winfrida. Wa tano hatawapunguzia kitu."

"Mama mkubwa, tusikilize kidogo, ni mama ndiye..." alianza Praygod.

"Msalimie mama yako."

Waliondoka bila kumaliza chai. Aikaruwa akafunga dirisha, na jioni ile, nasema kweli, alijisikia vizuri sana.

Keshokutwa yake akaitwa Moshi, Elinipendo kajifungua kwa upasuaji. Alifika hospitali na kofia ya njano mkobani. Mtoto alikuwa mvulana, mnene, mzuri, kafanana na marehemu babu yake. Aikaruwa alimbeba akamshukuru Mungu kwa mdomo, na moyo ukawa unahesabu: labda anayefuata.

"Hakuna anayefuata, Mama," Elinipendo alisema, kama vile amemsikia. "Hii ni mara ya nne kukatwa. Madaktari wamenishauri nifunge kizazi, na nimefunga."

Aikaruwa alisukuma kofia ya njano mpaka chini kabisa ya mkoba.

"Usihuzunike, Mama. Kwani jina lako si limeshapata mtu? Mama Yoramu alinipigia tangu wiki ile Nakunda alipojifungua." Mama Yoramu ndiye Winfrida, Yoramu ni mwanawe wa kwanza. "Akaniuliza kama nitakwazika, maana mimi ndiye mwenye haki ya kulitoa. Alisema wanne wanamtosha, zamu yake kwa Praygod anakupa wewe. Nililia kwenye simu. Hawajaja kukuomba?"

Aikaruwa alisema wamekuja.

Katika kuwachukia kwake kote hakukaa chini kujiuliza swali dogo ambalo mtoto yeyote wa Kichagga angejiuliza: binti wa kwanza wa Praygod ni zamu ya nani? Ilikuwa ya Winfrida. Hakuna mkwe anayeweza kuipeleka kwingine mpaka mwenyewe aiachie. Mtu amevua zamu yake akamletea mpaka mlangoni, na yeye kamfukuza kabla chai haijapoa. Aliona haya.

Alirudi Masama Jumamosi, siku moja kabla ya ubatizo. Hakuingia ndani. Alikwenda kwenye ua, akakata jani la isale, lile ambalo kwa Wachagga mtu akikuletea huwezi kukataa kumsamehe. Hakupenya kwenye upenyo wa watoto. Alizunguka mpaka barabarani akaingia kwa Winfrida kwa mlango wa mbele kama mgeni. Winfrida alikuwa anamenya ndizi za mtori wa kesho, mikono imeshika utomvu. Aikaruwa akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

"Nilikuonea wivu, Mama Yoramu. Miaka yote. Nisamehe."

Winfrida alifuta mikono, akalipokea jani. "Najua, dada. Kila nikiita wajukuu nasikia dirisha lako linagonga. Ulifikiri nadhani ni upepo?"

Aikaruwa akakosa pa kuweka uso wake. "Na jina? Mmempa lipi?"

"Nakunda alitaka arudie la kwangu. Nikamwambia peleka Aikaruwa kwa mchungaji. Kama Mama Elinipendo ana hasira, atazitolea kanisani, tumsikie wote." Akamsogezea kisu cha pili. "Kaa umenye. Ndizi ni nyingi."

Hivyo Jumapili mchungaji alilitamka jina lile kwenye kisima cha ubatizo, mtoto akiwa na kofia ya njano. Usharika mzima ukageuka kumtazama bibi mmoja aliyekuwa analia bila kitambaa. Halafu mtoto akapewa Winfrida kwanza ambebe, na Aikaruwa akaona wivu palepale, mbele ya madhabahu. Mtu habadiliki siku moja.

Desemba iliyofuata dirisha la mashariki lilikuwa wazi. Aikaruwa alikuwa zizini, anamkatia ng'ombe majani, aliposikia sauti ng'ambo ya masale.

"Aikaruwa! Aikaruwa, njoo!"

"Abee!" aliitika, akatupa panga chini, akaanza kukimbia. Alikuwa amefika kwenye ua, anahema, ndipo alipokumbuka kwamba mtu wa kumwita yeye hivyo, kwa sauti ile, aliondoka zamani. Upande wa pili, kitoto cha mwaka mmoja kilikuwa kinapepesuka kuelekea kwa Winfrida, mikono juu.

Winfrida alimwona kwenye upenyo, akacheka mpaka akashika kiuno.

"Si wewe! Umeona sasa? Mimi mwaka wa tisa huu naitika, naacha kazi yangu nakuja mbio, kumbe si mimi ninayetakiwa. Na wewe ulikuwa unanionea wivu!"

Aikaruwa alishikilia masale, machozi yanamtoka na kicheko pamoja.

"Mwite tena," alisema.