Kivuli cha Mabawa ya Boksi

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa, kabla sijawa huyu mama ambaye wahudumu wa ndege humletea mkanda wa nyongeza bila hata kuombwa, niliwahi kuwa malaika. Si kwa tabia. Kwa tabia nilikuwa mtoto wa kufungiwa ndani. Nilikuwa malaika wa mchezo wa Krismasi wa shule ya Jumapili kule Kimara, na nafasi hiyo niliipata kwa sababu mbili: nilikuwa mrefu kuliko wenzangu wote, na mwalimu alikuwa mama yangu mzazi.

Kimara ya wakati huo haikuwa hii ya ghorofa na foleni. Ilikuwa vilima na mashamba ya mihogo, nyumba moja hapa, nyingine kule. Baba alikuwa dereva wa malori, wiki hii yuko Tunduma, wiki ijayo haijulikani. Nyumbani tulibaki watatu: Mama, mimi Atupele, na mdogo wangu Ipyana, aliyekuwa na mwaka mmoja na nusu. Mama alikuwa mtu wa Tukuyu, mdogo wa umbo, na niseme ukweli, alikuwa mwoga. Aliogopa vyura. Aliogopa kuvuka barabara ya Morogoro. Mwenye nyumba akipiga hodi, Mama alijipangusa mikono mara tatu kabla ya kufungua mlango.

Mabawa yangu aliyatengeneza yeye. Alikata boksi la sabuni kwa kisu cha jikoni, akabandika pamba na manyoya ya kuku mweupe, akayafunga mgongoni kwangu kwa kamba ya katani, fundo ambalo peke yangu nisingeweza kulifungua. Yalikuwa mapana kiasi kwamba mlangoni nilipita kiubavu. Yalikuwa mazoezi mazuri kwa maisha yangu ya baadaye.

Ugomvi ulitokea siku ya kwanza ya mazoezi. Mama alisema mtoto akishalazwa horini, yaani mwanasesere akishawekwa kwenye beseni, malaika wote wapige magoti. Mie nikakataa. Nikipiga magoti mabawa yanagusa chini, yanapinda. Halafu, nikauliza kwa sauti ili wenzangu wanisikie, malaika mzima anampigiaje magoti mtoto wa kwenye beseni?

"Atu," Mama akasema, "unamjua tarishi wa ofisini kwa kina baba yako?"

"Namjua."

"Akileta barua, barua inakuwa ya nani?"

"Ya bosi."

"Basi wewe ni tarishi. Una mabawa, unang'aa, una sauti ya kutikisa bati, sawa. Lakini hujaumba hata jani moja. Huyu wa kwenye beseni ndiye Masihi. Malaika wote wako chini yake. Na kingine chochote kinachoruka, kinachotambaa au kinachotisha watu, kiko chini yake vilevile. Piga magoti."

Nilipiga, huku nimevuta mdomo. Niliona ananibania tu.

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa mpangaji mwenzetu, Mama Chausiku, mtu wa Newala, mumewe mchonga vinyago. Alikuwa mcheshi, mwenye mkono wa kutoa; mihogo yake nimeila kuliko ya nyumbani. Ni yeye aliyetufundisha watoto wa pale habari za dege. Kuna dege, alisema, linaruka mchana kweupe, wala hulioni. Unaona kivuli tu. Kivuli kikimpitia mtoto mdogo, mtoto anakakamaa. Na mtoto aliyekakamaa hapelekwi kuchomwa sindano, maana sindano na dege havikai mwili mmoja. Ukimchoma, anakwenda. Msidhani haya yalikuwa ya Mama Chausiku peke yake. Ungeyasikia Temeke, ungeyasikia Kigamboni, kwa wanaokwenda msikitini na kwa sie tuliokwenda kanisani na viatu vya kung'arisha.

Jumamosi moja asubuhi, wiki moja kabla ya mchezo, Ipyana alikuwa na homa tangu jana yake. Alikuwa amelegea, na mwili ukimtetemeka ingawa ulikuwa wa moto. Mama akamtandikia mkeka uani apate jua, akaingia jikoni kumkorogea uji. Mie nikaona hapo ndipo pa kufanyia mazoezi ya kushuka kutoka mbinguni. Nikapanda ukingo wa baraza, mabawa mgongoni, nikatangaza, "Msiogope!" nikaruka.

Nilimpita Ipyana juu. Na nilikiona kivuli changu mwenyewe kikipita kwenye mkeka: cheusi, kipana, kina mabawa mawili. Kikamfunika uso, kikaondoka.

Sikuwa hata nimemaliza kupangusa magoti, mtoto akakakamaa. Macho yakageuka yakabaki meupe. Meno yakabana, mikono ikajikunja, povu likamtoka pembeni mwa mdomo. Nilipiga yowe ambalo nadhani lilifika Ubungo.

Ua ukajaa watu. "Dege!" Mama Chausiku akalia. "Jamani, dege limempitia! Leteni moshi, leteni kaniki!" Mmoja akakimbilia mtaa wa pili kutafuta mavi ya tembo ya kumfukizia. Mie nilisimama pale na mabawa yangu, nimeshika mdomo. Walikuwa wanalitafuta dege angani, nami nilikuwa nimesimama katikati yao.

Mama alikuwa ameshambeba Ipyana, anajifunga kanga kiunoni.

"Unakwenda wapi, Mama Atu?"

"Zahanati."

"Zahanati! Wakamchome? We mwanamke, una wazimu?" Mama Chausiku akamshika mkono, sauti ikashuka. "Mwenzangu, mie nimezika wawili. Wa pili nilimpeleka sindano kwa mikono yangu hii. Haijachomolewa mwilini, mtoto kazimika. Mie sisimuliwi. Nakusihi."

Mama akasita. Nilimwona anasita. Hapo ndipo mzee wa kanisa, jirani yetu wa upande wa pili, aliponyoosha shingo juu ya ua wa michongoma. "Mama Atu, tulia kwanza," akasema. "Tuwaite malaika, wamzunguke mtoto pande zote nne. Sindano isubiri. Mambo haya yapo."

Nadhani hiyo ndiyo iliyomtoa Mama kwenye kusita kwake. Aligeuka. "Shikamoo, mzee," akasema, maana adabu haikumtoka hata wakati ule. "Malaika hawapangwi na sie. Wanatumwa. Namwita anayewatuma. Jumapili wewe mwenyewe ulitusimamisha tukaimba kwamba mbele yake kila goti litapigwa. Hilo dege lenyewe halina goti?"

Mtu mmoja alicheka, akajiziba mdomo.

"Haya," Mama Chausiku akasema, machozi yanamtoka. "Nimesema mbele ya watu. Akifa, umemuua mwenyewe."

"Sawa, dada," Mama akajibu. Akaondoka.

Mngetuona siku hiyo tukiteremka kilima! Mbele Mama, nusu anakimbia nusu anatembea, na mtoto anayerukaruka mikononi. Nyuma yake Mama Chausiku, ambaye alikuwa ameshanawa mikono mbele ya watu lakini miguu yake ikakataa kubaki, anakuja huku anagomba hatua kwa hatua. Nyuma kabisa mie, mabawa yamekamata upepo, manyoya yanapukutika njia nzima. Tulipofika barabara ya Morogoro, mwanamke yule aliyekuwa akingoja dakika ishirini ili avuke hakungoja. Alinyoosha mkono mmoja, na lori la mchanga likafunga breki mpaka likalalamika.

Nesi alimpokea mtoto, akamlaza mezani, akaanza kumkanda kwa kitambaa cha maji. Kisha akanitazama.

"Na huyu?"

"Dada yake," Mama akasema.

"Mbona ana manyoya?"

Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumweleza.

Nesi akavuta dawa kwenye bomba la sindano. Mama Chausiku aligeukia ukutani akafunika uso kwa upande wa kanga. Mie nilimtazama Mama. Alikuwa ameushika mguu wa Ipyana, na mikono yake ilitetemeka kiasi kwamba nesi akamwambia, "Mama, mshike vizuri, anatikisika." Tatizo halikuwa mtoto. Aliyetikisika ni yeye. Akasema kwa sauti ya chini sana, "Yesu, Bwana ni wewe." Sindano ikaingia.

Ipyana akalegea mwili wote. Kwa muda ambao sijui ulikuwa mrefu kiasi gani, hakuna aliyejua kama huko kulegea ni kupona au ndiyo basi. Nesi akaweka sikio kifuani kwake. "Amelala," akasema. "Mwacheni alale." Akamtoboa kidole, akachukua damu, ikaonekana malaria, akamtundikia dripu.

Tulikaa kwenye benchi. Hapo ndipo nilipokiri.

"Mama, dege ni mimi."

"Nini?"

"Nilimruka na mabawa. Kivuli kilimpita usoni. Ni mimi."

Alinigeukia. Nilisubiri kofi, na ningelipokea kwa shukrani. "Homa ilimwanza lini?" akauliza.

"Jana."

"Jana ulikuwa umevaa mabawa?"

"Hapana."

"Basi." Akanivuta karibu, boksi likamkwaruza shavu. "Sikiliza, Atu. Hata ungekuwa malaika wa kweli, wa mabawa ya moto, usingekuwa na uwezo wa kumwondoa mdogo wako kwa kivuli. Uhai wake hauko kwa kinachoruka. Una Mwenyewe." "Na wewe hata malaika si malaika. Ni boksi la sabuni."

Nilicheka na kulia kwa pamoja, kamasi zikaishia kwenye kanga yake.

Alasiri Ipyana akafumbua macho, akatutazama mmoja mmoja kama mtu aliyekatishwa shughuli zake, akasema, "Andaji." Alitaka andazi. Nesi akacheka. Mama Chausiku naye akaanza kucheka, kicheko kikageuka kilio katikati. Akakaa chini sakafuni.

"Wangu yule wa pili nilimkalisha ndani siku tatu," akasema. "Siku tatu za moshi na kaniki. Ndipo nikampeleka. Kumbe haikuwa sindano. Kumbe nilimchelewesha mwenyewe."

Saa chache kabla, mwanamke huyo alimwambia Mama mbele ya mtaa kwamba atakuwa muuaji. Ingekuwa mie, mwenye mdomo huu mnaoujua, ningekuwa na la kumjibu. Mama alikaa naye sakafuni, akamshika kichwa. "Hukujua, dada," akamwambia. "Ulimpenda. Hakuna aliyetuambia."

Biashara yangu ya mapazia imenitembeza tangu hapo. Istanbul nimeuziwa shanga za jicho la buluu za kuzuia kijicho. Guangzhou nimepanda lifti isiyo na ghorofa ya nne, maana nne kwao ni namba ya kifo, nikacheka mpaka wenyeji wakanishangaa. Halafu Nairobi nikapewa chumba namba kumi na tatu, nikaomba nibadilishiwe, nikasingizia kiyoyozi. Sina haki ya kumcheka Mama Chausiku. Aliogopa kwa sababu alikuwa ameumia, nami naogopa bure. Lakini kila nilikokwenda, watu wakianza kuhadithia habari za wazazi wao, mmoja baba yake alikuwa jaji, mwingine mama yake alisomea Ulaya, mie sijawahi kujisikia mdogo. Nakaa vizuri kwenye kiti, kama kimenitosha, nawasimulia habari za mwanamke mwoga wa Tukuyu aliyeliuliza dege kama lina goti.

Mwezi uliopita nilikwenda kumwona, bado yuko Kimara ileile. Ipyana alikuwa amepita asubuhi, mtu mzima na kitambi chake, akamwachia gunia la mchele. Tulikaa barazani tunachambua. Sijui kwa nini sikuwa nimewahi kumuuliza kabla.

"Mama, kama Ipyana angekufa pale mezani, ungefanyaje?"

Hakuinua uso kwenye ungo. "Ningemzika."

"Na maneno ya watu?"

"Wangesema nimemuua. Mama Chausiku angesema, mzee wa kanisa angesema. Labda na baba yako." Akatoa jiwe, akalitupa. "Ningelia sana. Halafu Jumapili ningekwenda kuwafundisha watoto kwamba Bwana ni yuleyule."

Miaka yote nilijivuna kwamba mama yangu alishinda. Nilisimulia hadithi hii kama mtu anayesimulia goli la ushindi, na kila mara niliharakisha kufika kwenye andazi. Kumbe pale njiani, mtoto anarukaruka mikononi mwake, alikuwa hajui kabisa mwisho, na alikuwa ameshajua atakayemwita Bwana kwa vyovyote vile. Mie imani yangu, nikiipima kwa haki, ni ya kusubiri matokeo kwanza.

Sikumwambia hivyo. Nilimwambia mgongo utamuuma, aniachie ungo. Akakataa.