Mume Wangu Ametoa Ushuhuda Kwamba Nimepona, na Mshipa wa Kichwa Bado Umevimba

Admin, jina langu lifiche vizuri. Hapa Kashojwa, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wote tunasoma ukurasa huu, hata wanaojifanya hawana simu. Nina miaka thelathini na nne, Mkongomani wa Kivu Kusini, mama wa watoto watatu. Nimekasirika mpaka ugali haushuki.

Mwaka jana kichwa kilianza kuniuma upande mmoja, kisha kope la jicho likaanguka, halifunguki. Hospitali ya Mbarara wakanipiga picha ya kichwa. Daktari, Mnyankore mpole, akaniambia: "Mama, mshipa ya damu imevimba kama mpira ya baiskeli yenye imechoka. Ikipasuka, unakufa. Lakini hawapasui kichwa. Wanaingiza kamrija kadogo kwa mshipa ya paja, kanapanda mpaka kwa ubongo, wanajaza pale penye imevimba na waya laini sana. Hiyo iko Nairobi." Shirika linalotutibu likakubali kunipeleka. Nililia kwa furaha.

Tukingoja safari, kanisa likaniombea. Nilishukuru, maana maombi nayaamini. Kope likapanda kidogo. Loo! Jumapili hiyohiyo mume wangu, ambaye ni mzee wa kanisa, akasimama mbele akatoa ushuhuda kwamba nimepona kabisa. Watu wakacheza hadi vumbi likatimka. Kwetu ushuhuda ukishatolewa haurudishwi. Ukionekana tena hospitali, umemfanya Mungu mwongo. Na mimi kichwa kilikuwa kinanigonga palepale kwenye benchi!

Juzi muuguzi wa shirika akaniuliza kwa nini nimeacha nafasi yangu. Kumbe mume wangu alikwenda mwenyewe kuwaambia wampe mtu mwingine. Nilipomuuliza, hata hakuona aibu: "Mama batoto, unataka bantu banicheke? Nilisema mbele ya kanisa yote kama uko muzima. Ukienda Nairobi, usirudi kwangu, na batoto babaki."

Huyuhuyu, ngiri ilipomsumbua, alikimbilia Mbarara kwa pikipiki, wala hakungoja Jumapili. Mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu!

Muuguzi anasema gari linaondoka Jumatatu, na nafasi bado ipo nikienda mwenyewe kusema sijapona. Nikisema, ndoa imekwisha, pengine na watoto nanyang'anywa. Nikinyamaza, mshipa utapasuka, naye atasimama tena kanisani aseme Bwana ametoa, Bwana ametwaa.

Ndugu zangu, nishaurini upesi: nipande gari hilo? Na anayetaka kuniambia nivumilie, aniambie kwanza nikifa nani atawalea wanangu.