Asubuhi Kaka Mwinyi Alipokataa Kula

Enzi zetu kule Jego, baiskeli haikuwa mchezo wala mazoezi. Ilikuwa punda wa nyumba. Baba aliipakia nazi mpaka chuma kikalia, akaelekea nazo Ukunda, na sisi watoto tuliisukuma kwa nyuma hadi mwisho wa kijiji, kisha tukarudi tukigombana nani aliyesukuma kweli na nani aliyeshikilia tu.

Lakini hakuna aliyepanda kabla ya kula. Kwa safari ya karibu, Mama alitoa chai na mahamri. Msambweni ilitaka muhogo wa nazi uliolala, ukapashwa moto mpaka ukashika sufuria. Ukunda ilitaka muhogo na mbaazi juu yake, na Baba hakuinuka mkekani mpaka sahani iwe nyeupe. "Miguu haipigi pedali, tumbo ndilo lipigalo," alikuwa akisema, kisha akateuka kwa shibe. Vijana wa leo wa baiskeli nawaona Diani, suruali zimewabana kama ngozi ya pweza, wakibishana kati ya mayai na uji wa shayiri, na saa mkononi ikiwaambia kwamba wamechoka. Sisi tulikujua kuchoka bila kuambiwa.

Huwacheka, kisha kicheko huniishia.

Kaka Mwinyi, mkubwa wetu, alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko kijana yeyote kijijini. Mwaka mmoja, baada ya Idi, alifunga sita, zile siku za sunna za Mfungo Mosi. Alifunga pamoja na wenzake, nao walikuwa wamewekeana sharti kwamba atakayekula mchana ataitwa kobe mpaka Ramadhani nyingine. Siku hiyo alikuwa amepitiwa na usingizi, daku hakula. Asubuhi uchungu ukamshika dada yetu Mwanaisha, mimba yake ya kwanza. Mkunga akatoka chumbani akasema damu haikatiki, apelekwe hospitali ya Msambweni upesi. Gari la asubuhi lilikuwa limeshaondoka, na Baba ndani yake akielekea Ukunda; ilibaki baiskeli tu.

Tulimkalisha dada kwenye keria juu ya mto, tukamfunga kwa leso kiunoni mwa kaka. Mama akaja na sahani ya muhogo.

"Kula, mwanangu. Sita ni sunna, na msafiri ana ruhusa yake."

"Nishatia nia, Mama. Nitafika."

Wenzake walikuwa wamesimama uani wakimtazama. Akakanyaga pedali, na sahani ikabaki mkononi mwa Mama.

Alifika kwenye mashamba ya miwa ya Ramisi tu. Alitusimulia mara moja tu. Jua lilikuwa limepanda, macho yakaingia giza, miguu ikakataa, wakaanguka wote wawili. Akajaribu kuikokota baiskeli, akaanguka tena. Dada aliomba maji, akampa chupa. Yeye mwenyewe hakunywa. Lori lilipowaokota, Mwanaisha alikuwa hasemi tena. Alifia njiani, na mtoto wake tumboni.

Watu walisema ni kadari, nami naiamini kadari. Sijui kama ule muhogo ungewafikisha. Ila nina hasira mpaka leo, na sijui nimkasirikie nani.

Kaka sasa ni mzee. Kila Mfungo Mosi, sote tukiwa tumefunga, yeye huketi barazani asubuhi, pale kila mpita njia atakapomwona, akala. Watoto humcheka wakimwita kobe. Naye sahani haimalizi.

Barabara imetiwa lami, na bodaboda hukufikisha Msambweni kabla chai haijakutulia tumboni. Wa rika langu tukikutana huzisifu enzi zetu, michezo yake na vyakula vyake, nami husifu pamoja nao. Kisha hurudi nyumbani nikawatazama wajukuu zangu wakicheza, nikahesabu moyoni wale wa Mwanaisha ambao hawakuzaliwa.